29 kati ya 29: namba inayoaminiwa kuliko inavyostahili

Mtu akikuambia mbinu yake ya kukagua ndege imeona nyufa 29 kati ya nyufa 29, muulize mambo mawili kabla hujampongeza: zilikuwa za ukubwa gani, na kwa nini zikawa 29, siyo 25 wala 40.

Swali la pili jibu lake ni fupi. Tuseme mbinu hiyo kwa kweli huona nyufa 9 tu katika kila 10. Uwezekano wa kuziona 29 mfululizo bila kukosa hata mmoja ni 0.9 ikizidishwa yenyewe mara 29, yaani 0.047, chini kidogo ya 0.05. Kwa hiyo anayefaulu anaruhusiwa kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba mbinu yake inaona angalau asilimia 90 ya nyufa za ukubwa ule. Kwa nyufa 28 jibu lingekuwa 0.052, na mlango ungefungwa. Ndiyo asili ya 29, na ndiyo asili ya maandishi "90/95" yanayogongwa kama mhuri kwenye nyaraka za ukaguzi usioharibu. Ukikosa ufa 1 unahitaji 46 ili upate mhuri huohuo. Ukikosa 2, unahitaji 61.

Hesabu ni sahihi. Tatizo ni matumizi yake. Kwanza, inasema kitu kuhusu ukubwa mmoja tu wa ufa. Anayechanganya nyufa za milimita 2, 4 na 9, akazihesabu zote pamoja na kutangaza 90/95 "kwa milimita 2 na kuendelea", ameficha udhaifu wa ndogo nyuma ya urahisi wa kubwa. Pili, mtihani huu hauwatofautishi wazuri na wabaya vizuri. Mbinu inayoona asilimia 95 ya nyufa, ambayo wengi wangeifurahia, hufaulu mtihani wa 29 kwa 29 mara 23 tu katika 100. Hata yenye asilimia 98 hufaulu kidogo zaidi ya nusu ya mara. Anayeshindwa kwa ufa 1 hufanya nini? Hurudia. Mbinu yenye asilimia 90 kamili ikirudiwa mara 5 na majaribio yaliyoshindwa yakaachwa kabatini, nafasi ya kupata mhuri inapanda kutoka asilimia 5 hadi 21. Anayepokea ripoti ya jaribio la 5 peke yake ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hoja yangu ni kwamba namba ya kuaminika kwa ukaguzi si mali ya mashine. Ni mali ya jaribio: vipande vilivyotumika, mafundi waliokaa mbele ya skrini, mahali kizingiti kilipowekwa, na hata data iliyotupwa. Ikitolewa humo na kupachikwa kwenye mwongozo wa matengenezo bila maelezo hayo, inakuwa tumaini lenye desimali.

Swali la ufa gani ukaguzi unaweza kuukosa lilianzia jeshini. Tarehe 22 Desemba 1969, ndege ya kivita F-111 ilipoteza bawa ikiwa karibu na kituo cha Nellis, Nevada, baada ya kuruka kwa saa mia moja na kidogo tu. Chuma cha ekseli ya bawa kilikuwa na kasoro ya tangu kilipofuliwa kiwandani, na ukaguzi wa kiwandani haukuiona. Hadi wakati huo usanifu ulidhani kipande kipya ni kizima. Baada ya hapo Jeshi la Anga la Marekani likageuza dhana: chukulia kwamba ufa upo tangu siku ya kwanza, na ukubwa wake ni ule ambao ukaguzi unaweza kuukosa. Mwaka 1974 dhana hiyo iliandikwa kuwa masharti ya usanifu katika MIL-A-83444.

Dhana hiyo ilibadilisha kazi ya mkaguzi bila wengi kutambua. Muuzaji wa kifaa hupenda kuonyesha ufa mdogo kabisa uliowahi kuonekana na kifaa chake. Mhandisi wa uchovu wa metali, yaani metali inavyopasuka kwa kubebeshwa mzigo tena na tena, hauhitaji huo. Anautaka ufa mkubwa kabisa ambao fundi wa kawaida, zamu ya usiku, anaweza kuupita. Katikati ya miaka ya 1970 jeshi lilijaribu kulijibu swali hilo kwa kusafirisha vipande vya ndege vyenye nyufa halisi kutoka kituo hadi kituo na kuwapa mafundi wa pale wavikague kwa vifaa vyao wenyewe. Ripoti ilitoka mwaka 1978, na wengi iliwakera. Lengo la kuona asilimia 90 ya nyufa za nusu inchi, kwa uhakika wa asilimia 95, halikufikiwa. Tofauti kati ya fundi na fundi ilikuwa pana, na nyufa kubwa, za kuonekana wazi ukishaambiwa zilipo, nazo zilipitwa.

Tangu hapo takwimu zimekomaa. Alan Berens na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dayton waliweka msingi wa kuacha kuhesabu kwa ukubwa mmoja mmoja na badala yake kuchora mkunjo mzima: ukubwa wa ufa upande wa chini, uwezekano wa kuuona upande wa juu. Utaratibu huo ukawa mwongozo wa jeshi, MIL-HDBK-1823, mwaka 1999, ukaboreshwa kuwa 1823A mwaka 2009. ASTM, shirika la viwango, nao wana E2862 kwa data ya "umeona, hujaona" na E3023 kwa data ya ukubwa wa ishara. Kutoka kwenye mkunjo husomwa namba tatu: a50, ukubwa unaoonekana nusu ya mara, a90, unaoonekana mara 9 katika 10, na a90/95, yaani a90 iliyosukumwa upande wa ukubwa ili kufidia uchache wa data. Hiyo ya tatu ndiyo inayoingia kwenye hesabu ya vipindi vya ukaguzi.

Tuichukue kazi moja tuione kwa karibu: ukaguzi wa mkondo edi kwenye safu ya juu ya ribiti za kiungo cha bodi la ndege. Probu, kichwa cha kifaa anachokipitisha fundi juu ya ribiti, inaamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya alumini. Ufa unaukatiza mkondo, na ishara inainuka kwenye skrini. Hapa kila ufa unaleta kipimo cha urefu wa ishara, na huo ni utajiri ambao "ndiyo" na "hapana" peke yake hazina. Ukichora logi ya ishara dhidi ya logi ya ukubwa wa ufa, mara nyingi unapata mstari ulionyooka wenye mtawanyiko wa karibu upana mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, ufa wa milimita 1 unatoa ishara ya asilimia 20 ya urefu wa skrini, mteremko wa mstari ni 1.1, na mtawanyiko kwenye logi asilia ni 0.30. Kizingiti kiwe asilimia 40: ishara iliyo juu yake ni ufa, iliyo chini ni kelele.

Kwa namba hizo a50 ni milimita 1.88 na a90 ni milimita 2.66. Shusha kizingiti hadi asilimia 30, na a90 inashuka hadi milimita 2.05. Kifaa ni kilekile, probu ni ileile, fundi ni yuleyule. Kilichozungushwa ni kitasa kimoja, na mbinu ime"boreka" kwa zaidi ya nusu milimita. Atakayekupa a90 bila kukuambia kizingiti chake amekupa nusu ya sentensi.

Nusu ya pili ni kengele za uongo. Ribiti zisizo na ufa nazo zina ishara: probu haikukaa katikati, rangi ni nene upande mmoja, ukingo wa tundu una mkwaruzo. Tuseme kelele hiyo iko wastani wa kati wa asilimia 10 ya skrini, na mtawanyiko wa 0.5 kwenye logi. Kwenye kizingiti cha 40, ribiti nzima 3 katika 1,000 zitapiga kengele. Kwenye 30 zitapiga 14. Kiungo chenye ribiti 2,000 kitampa fundi kengele za uongo 6 katika hali ya kwanza na 28 katika ya pili, na kila moja inadai ribiti itolewe, tundu lisafishwe, lipimwe upya, na ndege ikae chini.

Madhara yake makubwa hayapo kwenye muda wa ndege. Kama kwa kweli ribiti 1 katika 1,000 ina ufa, basi kwenye kizingiti cha 30 ni kengele 1 tu katika 16 hivi iliyo ya kweli. Fundi aliyefungua matundu 15 mfululizo bila kukuta kitu ameshafundishwa na kazi yenyewe kwamba ishara ni kelele. Ya 16 ataipima tena, ataizungusha probu kidogo, ishara itashuka chini ya mstari, ataendelea. Hajazembea. Kizingiti alichokishusha ofisa wa mezani amekipandisha tena kwa mkono, na mkunjo uliochorwa kwenye maabara haumhusu tena. Ndiyo maana 1823A inataka sehemu zisizo na ufa ziwe nyingi ndani ya jaribio, zikizidi kwa mbali zenye ufa. Ripoti isiyo na kiwango cha kengele za uongo irudishwe ilikotoka.

Mambo yanayoharibu jaribio mara nyingi hutokea kabla ya fundi kushika probu. Idadi ya chini inayokubalika ni nyufa 40 kwa data ya ishara na 60 kwa data ya "umeona, hujaona". Tofauti hiyo inatokana na uchache wa habari ndani ya "ndiyo". Lakini 60 zikipangwa vibaya ni sawa na 20. Ufa wa milimita 10 ambao kila mtu anauona hauongezi chochote kwenye mkunjo; wa milimita 0.2 ambao hakuna anayeuona pia hauongezi. Habari imo katikati, kwenye ukubwa unaoonekana kati ya mara 1 na mara 9 katika 10. Watengenezaji wa vipande hupenda nyufa kubwa kwa sababu ni rahisi kuzitengeneza na kuzipima, na hivyo data inajaa mahali pasipo na swali.

Kinyume chake kuna mtego ambao programu za takwimu haziupigii kelele ya kutosha. Ikitokea kwamba kila ufa ulioonekana ni mkubwa kuliko kila uliokosekana, modeli ya lojistiki, fomula ya kawaida ya kuchora mkunjo wa "umeona, hujaona", haina jibu: mteremko unakimbilia kusikojulikana na mkunjo unakuwa ngazi wima. Kompyuta itachapa namba hata hivyo. Ukiona mteremko wa ajabu na kosa la makadirio kubwa mara mia kuliko kadirio lenyewe, usiisifu mbinu kwa ukali wake. Ongeza nyufa za katikati, au badilisha njia ya kukadiria.

Halafu kuna ufa wenyewe. Mpasuo uliochongwa kwa cheche za umeme ni rahisi, una kuta zilizo mbalimbali na ukubwa unaojulikana. Ufa wa uchovu wa metali una kuta zinazogusana, na mkondo unavuka pale zinapogusana, hivyo ishara yake ni ndogo kuliko ya mpasuo wa ukubwa uleule. Dawa ya kupenya, kimiminika kinachopakwa ili kiingie ndani ya ufa na kuuonyesha, nayo inaingia kwenye mpasuo kama maji kwenye mfereji, lakini ufa uliobanwa na mkazo wa mgandamizo, labda kwa sababu uso ulipigwa shanga za chuma au ulisafishwa kwa kupulizwa mchanga, unaweza usimeze kitu. Mkunjo uliochorwa kwa mipasuo ya cheche ni wa mipasuo ya cheche. Na vipande vya nyufa halisi vinavyotumika mwaka hadi mwaka kwa dawa ya kupenya huziba kwa mabaki ya dawa ya zamani. Visipooshwa kwa kiyeyusho ndani ya beseni la ultrasaundi kila baada ya jaribio, nyufa "zinapungua" na lawama inamwendea fundi wa mwisho.

Dosari nyingine iko kwenye kuhesabu. Nyufa 60 zikikaguliwa na mafundi 10 zinatoa majibu 600, lakini si data huru 600. Ufa wa 17 kama umebanwa, umebanwa kwa wote 10. Anayezitia 600 kwenye programu kama safu 600 za kawaida atapata mkanda wa uhakika mwembamba wa kuvutia, na a90/95 itakaribia a90 isivyo halali. Njia ya haki ni modeli inayotambua mafundi na nyufa kama vyanzo tofauti vya mtawanyiko. Ikishindikana, chora mkunjo wa kila fundi peke yake na umtazame aliye wa chini kabisa, maana ndege haichagui fundi. Kituo cha majaribio ya ukaguzi wa ndege kongwe ambacho FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilikianzisha kwenye maabara ya Sandia, Albuquerque, mwaka 1991, kilifanya kazi ya namna hii kwa mkondo edi kwenye viungo vya Boeing 737: vipande vilipelekwa kwenye mahanga ya mashirika, vikawekwa kwenye fremu iliyopinda kama bodi la ndege, mafundi wakafanya kazi kwa zamu na vifaa vyao. Mafundi wenye cheti kimoja, mbele ya vipande vilevile, walitofautiana sana.

Sababu ya kituo hicho kuwapo inajulikana. Aprili 28, 1988, ndege ya Aloha Airlines ya aina ya 737-200, iliyokuwa imeshapaa na kutua mara 89,680, ilifunuka paa angani Hawaii, na mhudumu mmoja akafa. Nyufa zilikuwa kwenye kiungo cha namna ileile tuliyokuwa tukiipigia hesabu. Abiria mmoja alikuwa ameuona ufa wakati wa kupanda ndege na hakumwambia mtu.

Lakini kesi inayonisumbua zaidi ni ya mwaka uliofuata. Julai 19, 1989, DC-10 ya United ilianguka Sioux City, Iowa, na watu 112 walikufa. Diski ya feni ya injini ya nyuma ilipasuka kutoka kwenye kasoro ya titani iliyozaliwa kiwandani, pale nitrojeni iliporundikana na kufanya metali iwe ngumu na dhaifu. Diski hiyo ilikuwa imekaguliwa mara kadhaa kwa dawa ya kupenya inayong'aa. Ukaguzi wa mwisho ulifanyika safari 760 kabla ya ajali, na bodi ya uchunguzi, NTSB, iliposoma alama za kuvunjika ilikadiria kuwa siku ile ufa ulikuwa na urefu wa karibu nusu inchi kwenye uso wa diski. Nusu inchi! Mkunjo wowote wa maabara kwa dawa ya kupenya kwenye titani unaiweka nusu inchi juu kabisa, karibu na 1.

Miaka 7 baadaye jambo lilelile likajirudia. Julai 6, 1996, MD-88 ya Delta ikiwa kwenye mbio za kupaa Pensacola, Florida, kitovu cha feni ya injini ya kushoto kilipasuka na abiria 2 wakafa. Ufa ulianzia kwenye tundu la boliti lililoharibiwa wakati wa kutobolewa kiwandani. Ukaguzi wa dawa ya kupenya uliofanyika mwaka uliotangulia haukuuona, ingawa ulikuwa wa kuonekana. Na Aprili 17, 2018, bapa la feni la 737-700 ya Southwest lilikatika baada ya kupaa na kutua mara 32,636, na abiria mmoja akafa. Nyuma yake kulikuwa na ukaguzi wa dawa ya kupenya wa mwaka 2012 ambao haukuonyesha kitu.

Modeli ya kawaida ya lojistiki ina namba mbili tu, na inalazimisha mkunjo ufike 1 kadiri ufa unavyokua. Imejengwa juu ya dhana kwamba ufa hukosekana kwa sababu ni mdogo. Hizi nusu inchi zilikosekana kwa sababu nyingine kabisa. Fikiria hatua zenyewe: kipande kioshwe na kukaushwa, kwa sababu maji yaliyobaki ndani ya ufa yanaizuia dawa kuingia, dawa ipakwe na kuachwa dakika 20 au 30, isuuzwe bila kuifuta iliyo ndani ya ufa, kipande kikaushwe tena, poda ya kunyonya ifunike kila mahali, hadi ndani ya matundu, kisha chumba cha giza kisichozidi luksi 20 hivi, taa ya urujuanimno yenye angalau mikrowati 1,000 kwa kila sentimita mraba kwa umbali wa sentimita 38, na macho yaliyopewa angalau dakika 1 kuzoea giza. Diski inaning'inia kwenye waya. Fundi asipoizungusha, sehemu iliyo chini ya waya haikuangaliwa. Poda isipofika kwenye tundu, tundu halikukaguliwa. Katika hali hizo ukubwa wa ufa hauna kazi. Wa nusu inchi na wa inchi 2 vinalingana.

Kwa hiyo mkunjo mkweli haufiki 1. Unafika dari fulani, labda 0.97, labda 0.93, na dari hiyo ndiyo inayoua watu. Zipo modeli zenye namba ya tatu inayoruhusu dari, na watafiti wanazijua. Hazipendwi, kwa sababu dari ikishuka chini ya 0.9 hakuna a90 ya kuandika kwenye fomu. Na kuna kishawishi kingine. Katika jaribio, fundi mmoja akikosa ufa wa milimita 8 huku akiona wa milimita 2, nukta hiyo moja inalaza mteremko wote na kuitupa a90 mbali. Mtu wa mezani huiita nukta potofu na kuifuta. Kuifuta kunaruhusiwa kwa sababu moja tu, kwamba kipande kilikuwa na hitilafu iliyothibitishwa. "Fundi aliruka tundu" si hitilafu ya jaribio; ni data ile adimu ambayo jaribio liliitishwa ili kuipata.

Hapa kwetu mahanga ya Nairobi au Dar es Salaam hayachori mikunjo; yanafuata mwongozo wa mtengenezaji wa ndege, na namba ya kuaminika imo humo ndani bila kuonekana, imeshageuzwa kuwa "kagua kila baada ya safari kadhaa". Sioni ubaya, mradi masharti ya jaribio yaheshimiwe. Bodi la alumini lililoshinda juani Mombasa saa nane mchana linaweza kupita nyuzi 52 za Selsiasi, ambazo ndizo kikomo cha kawaida cha dawa ya kupenya, na dawa ikakauka kabla ya kusuuzwa. Kipande cha kurekebishia mkondo edi kilichotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kina upitishaji umeme tofauti na bodi hilo la moto. Rangi iliyoongezwa juu ya rangi ya zamani inaiinua probu. Kila moja ya hizo inaisogeza a90 kulia, na mwongozo haujui.

Kusogea huko kuna bei inayohesabika. Tuseme kutoka milimita 2.66 hadi ukubwa wa kuvunjika ni safari 12,000. Kipindi cha ukaguzi kinawekwa 6,000, ili ufa upate kukutana na ukaguzi mara 2. Kama kwa kweli kwenye hanga lako a90 ni milimita 5, na kutoka hapo hadi kuvunjika ni safari 7,000, kuna uhakika wa nafasi 1 tu. Karatasi bado inaonyesha 2.

Hata hizo 2 zinahesabiwa kwa ukarimu. Wengi huandika: ukaguzi mmoja hukosa 0.1, miwili hukosa 0.1 mara 0.1, basi 0.01, tumefika asilimia 99. Hesabu hiyo inadai kila ukaguzi uanze upya kama kurusha sarafu. Chukua nyufa 100. 92 ziko mahali pazuri na zinaonekana kwa 0.97, 8 zimebanwa, au ziko chini ya sila (gundi ya kuziba viungo) nene, au kwenye kona ambayo probu haikai, na zinaonekana kwa 0.1. Wastani ni 0.90, mhuri unagongwa. Rudia ukaguzi uleule kwa kifaa kilekile: zile 92 karibu zote zimepatikana, lakini kati ya zile 8 bado 6 na nusu zimebaki. Jumla umeona asilimia 93, si 99. Ulichokosa ni zaidi ya mara 6 ya ulichoahidiwa.

Anayetaka ukaguzi wa pili uwe wa pili kweli abadilishe kinachosababisha kukosa. Kama wa kwanza ulikuwa wa dawa ya kupenya, wa pili uwe mkondo edi. Kwenye mabapa ya feni ya CFM56-7B, injini ya ile 737-700 ya Southwest, ndivyo ilivyokuja kufanywa, mkondo edi ukaongezwa. Sila itolewe, isipakwe juu ya ya zamani. Diski itundikwe kwa upande mwingine, ili waya usikae palepale. Na fundi wa pili asiwe yule wa kwanza, wala asioneshwe karatasi yake mpaka awe ameshaandika ya kwake.